Panya Chini ya Kibanda cha Sungura



Ukizunguka nyuma ya nyumba nyingi za Bunia, iwe Mudzipela, Nyakasanza au Bankoko, utaona kibanda cha sungura. Kimejengwa kwa mbao za masanduku na kipande cha wavu, na mara nyingi mwenye kibanda ni mtoto. Mtoto ndiye akataye majani akitoka shuleni. Ndiye ampaye kila sungura jina lake, naye ndiye aliaye siku mmoja wao akichinjwa. Kufuga sungura ni kazi njema. Sungura hapigi kelele, hali ugali wa watu, na mbolea yake hustawisha mboga. Basi hatuandiki somo hili ili kuwakataza watu kufuga sungura. Twaliandika kwa sababu ya mgeni mwingine, ajaye usiku bila kualikwa na kukaa chini ya kibanda kile kile. Mgeni huyo ni panya.

Watu huja kwetu na kusema, “Munganga, panya wanamaliza chakula cha sungura wangu. Nitumie sumu gani?” Jibu letu huwashangaza. Twawaambia: usianze na sumu. Katika jimbo letu la Ituri iko sababu kubwa ya kujibu hivyo. Sababu hiyo ni ugonjwa wa tauni, ambao wengi hapa huuita peste.

Shika neno hili moja, kwani somo lote limo ndani yake: kwanza chakula, pili kiroboto, tatu panya. Mwenye kugeuza utaratibu huu, akaanza kuua panya kabla ya kuua viroboto, aweza kuuleta ugonjwa karibu na watoto wake kwa mkono wake mwenyewe. Soma polepole, utaelewa kwa nini.

1. KWA NINI PANYA HUJA

Panya hana urafiki na sungura. Hutafuta vitu viwili tu, chakula na maficho, na kibanda cha sungura humpa vyote viwili. Pumba zilizomwagika, maganda ya muhogo, punje za mahindi, majani ya viazi yaliyobaki: hiki ndicho chakula chake. Lundo la mavi na nyasi chini ya kibanda, mbao zilizoegemezwa ukutani, matofali ya zamani, magugu marefu: haya ndiyo maficho yake.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Miaka ya nyuma nilifuga sungura, na kila jioni niliwawekea pumba bakuli tele ili wale usiku kucha. Nilijiona mfugaji mwenye huruma. Sungura mmoja akazaa watoto sita. Asubuhi ya siku ya tatu nikakuta wawili tu, na damu kwenye nyasi. Nikamlaumu paka wa jirani, nikaenda hata kwa jirani na maneno makali. Mtoto wake akachuchumaa kando ya kibanda changu, akanionyesha tundu ardhini, chini kabisa ya mahali pa bakuli langu. Udongo ulikuwa laini kwa kupitwa-pitwa. Nilikuwa nikiwalisha panya kila usiku, na walipozoea chakula changu wakapanda kutafuta zaidi. Nikarudi kwa jirani kuomba msamaha.

Mtoto wa sungura huzaliwa uchi, na macho yake hayafunguki mpaka zipite siku kama kumi. Hawezi kukimbia. Panya mkubwa huweza kumla, na panya mdogo humnyang’anya mama yake chakula na kuchafua maji yake.

Tena panya hawangoji. Panya jike huchukua mimba wiki tatu tu. Yuko panya wa mashamba yetu mwenye chuchu nyingi sana, naye huweza kuzaa watoto kumi au zaidi kwa mara moja. Mwenye kuona panya wawili leo na kusema, “Ni wawili tu,” baada ya miezi michache hatawahesabu tena.

Utajuaje kwamba wapo? Tafuta alama hizi: matundu kando ya ukuta na chini ya kibanda, njia nyembamba katika nyasi, mbao na mifuko iliyotafunwa, na mavi yao. Mavi ya panya mdogo ni kama punje ya mchele. Ya panya mkubwa hukaribia haragi dogo. Mavi ya sungura ni ya mviringo na makavu, hayafanani nayo.

2. HATARI WANAYOLETA

Hatari ya kwanza ni uchafu. Panya hukojoa apitapo, na mkojo wake waweza kuwa na vijidudu vya ugonjwa uitwao leptospirosi. Vijidudu hivyo huingia mwilini kwa kidonda cha mguu au kwa maji machafu, na huleta homa, maumivu ya misuli, na kwa wengine macho ya manjano na kuharibika kwa figo. Mavi ya panya pia huchafua vyakula na kuleta kuhara.

Hatari ya pili ni kubwa kuliko hiyo, nayo ni tauni.

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli, mlango wa 5 na wa 6, twasoma habari za Wafilisti waliopatwa na majipu katika miji yao. Walipotengeneza sanamu za dhahabu za majipu yao, walitengeneza pia sanamu za panya. Waganga wengi waliosoma habari hiyo wamefikiri kwamba ugonjwa ule ulikuwa tauni. Angalia, msomaji: watu wale hawakuwa na darubini, lakini waliweka jipu na panya mahali pamoja.

Sababu yenyewe ilijulikana baadaye sana. Mwaka 1894, katika Hong Kong, munganga Alexandre Yersin alikiona kijidudu cha tauni ndani ya majipu ya wagonjwa. Mwaka 1898 munganga mwingine, Paul-Louis Simond, akiwa Karachi, mji ambao leo uko Pakistani, alionyesha kwamba kiroboto ndiye abebaye ugonjwa huo kutoka panya mmoja hadi mwingine. Tangu hapo twajua njia yake.

Njia hiyo ni hii. Kiroboto hunyonya damu ya panya mgonjwa. Vijidudu huongezeka ndani ya kiroboto mpaka huziba koo lake. Damu haishuki tena, njaa humshika, naye huuma tena na tena. Kila aumapo, hutapika vijidudu ndani ya jeraha. Kisha panya hufa. Mwili wake ukipoa, viroboto hawakai juu yake, kwani hawawezi kuishi kwa damu baridi. Hushuka, hutafuta mwili mwingine wenye joto. Nani yuko karibu? Ni sungura katika kibanda, paka alalaye jikoni, na mtoto aliyechuchumaa kuwapa sungura majani.

Sasa umeelewa kwa nini twasema usianze na sumu. Ukiua panya ishirini usiku mmoja, umewafukuza viroboto wao wote kutoka nyumba yao, nao watatafuta nyumba nyingine. Nyumba hiyo yaweza kuwa mwili wako.

Wengine husema, “Tauni ni habari za zamani.” Sivyo. Katika nyanda za juu za magharibi ya Ziwa Albert ugonjwa huu umejulikana tangu mwaka 1928, na haujatoka. Katika mwezi wa Juni 2020 ulizuka tena katika eneo la afya la Rethy. Mgonjwa wa kwanza aliyejulikana alikuwa msichana wa miaka 12. Hata katikati ya Julai mwaka ule walikuwa wamehesabiwa wagonjwa 45, na 9 kati yao walikufa.

Nawe wa Bunia usiseme, “Rethy ni mbali.” Magunia ya mahindi na maharagi hushuka kutoka huko kila siku ya soko, na panya na kiroboto huweza kusafiri ndani ya gunia. Tena tangu mwisho wa mwaka 2017 ndugu zetu wengi wa Djugu wamekimbilia huku kwa sababu ya vita, na wengi wamelala chini, katika vibanda vidogo, pamoja na chakula chao. Aibu si yao. Lakini popote watu wanapolala karibu na chakula na karibu na ardhi, kiroboto hana safari ndefu.

3. KWANZA, CHAKULA

Kazi hii haihitaji fedha. Yahitaji kufanywa kila siku.

Wape sungura pumba au mahindi asubuhi, kiasi cha kuliwa mpaka jioni. Tumia chombo kizito kisichopinduka. Kabla ya jua kutua, toa kila kinachobaki. Usiku waachie majani na nyasi tu, yakiwa yametundikwa juu katika wavu, yasianguke chini. Sungura hula sana jioni na alfajiri, lakini nyasi zamtosha, na panya hapati pumba wala punje.

Pumba na mahindi ya akiba yatiwe katika pipa au ndoo yenye kifuniko kikali. Mfuko wa plastiki si kifuniko. Panya huutoboa kwa dakika chache.

Fagia chini ya kibanda kila siku. Lakini kama waona mavi ya panya, usiyafagie yakiwa makavu, kwani vumbi lake huingia puani. Nyunyiza kwanza maji ya sabuni yenye javel kidogo, ngoja kitambo, ndipo uyaokote kwa jembe na kuyafukia. Kisha nawa mikono kwa sabuni. Sungura wasiwe karibu wakati wa kunyunyiza javel.

Mbolea ya sungura isikae chini ya kibanda. Peleka bustanini mbali na nyumba, uifunike kwa udongo. Kata magugu pande zote. Ondoa mbao na matofali yaliyoegemezwa ukutani. Panya hapendi kupita mahali peupe, kwani huko humwogopa mwewe na bundi.

Ukifanya hayo kwa wiki mbili au tatu, utaona panya wamepungua kabla hujaua hata mmoja.

4. KIBANDA KINACHOFAA

Kibanda kisimame juu ya miguu, karibu mita 1 kutoka ardhini. Panya mkubwa aweza kuruka zaidi ya nusu mita, basi kibanda kifupi ni ngazi kwake. Kiwe mbali na ukuta, ua na matawi ya mti, angalau mita 1 kila upande. Kama kimegusa ukuta, miguu yake haina maana, kwani panya atapita ukutani.

Sakafu ya wavu yahitaji mashimo ya kuangusha mavi. Lakini jua jambo hili: tundu linalopitisha kalamu laweza kumpitisha na panya mdogo. Kwa hiyo ulinzi mkubwa uko katika miguu. Chukua bati la kopo kubwa la mafuta, lifungue, uuzungushie kila mguu bati lenye urefu wa sentimita 30 au zaidi, karibu na sehemu ya juu. Lipigiliwe vizuri, liwe laini, lisiwe na kutu wala mikunjo. Kucha za panya huteleza juu ya bati laini. Usiache kamba, fimbo wala gunia linaloning’inia mpaka chini. Hilo ni daraja.

Sanduku la kuzalia liwe na ubao mzima chini na pande zote, wala si wavu.

Liko jambo moja tena. Watu wengi, kwa kuogopa wezi, huingiza sungura jikoni usiku, au hata chumbani wanapolala watoto. Twaelewa hofu hiyo. Lakini chakula cha sungura huwaita panya ndani, na panya huleta viroboto wao mahali watoto walipolala. Afadhali ununue kufuli, ufunge kibanda nje. Na kila awezaye, watoto wasilale juu ya ardhi. Hata kitanda cha miti kilichoinuliwa kidogo ni bora kuliko mkeka chini.

5. PILI, KIROBOTO

Ukimkuta panya amekufa chini ya kibanda, na hukuweka mtego wala sumu, simama. Usimguse. Usimsogeze kwa mguu. Usimwache mtoto, paka wala mbwa amkaribie. Wafundishe watoto kwamba panya aliyekufa haokotwi kwa mchezo, hata akiwa mdogo sana. Watoto wa kibanda cha sungura huzoea kushika wanyama, kwa hiyo wao wapaswa kufundishwa zaidi ya wengine.

Kama panya waliokufa ni zaidi ya mmoja katika siku chache, au majirani nao wameona hivyo, nenda siku ile ile kwenye kituo cha afya, au mwambie mjumbe wa afya wa mtaa wako. Usione haya kwamba ni jambo dogo. Mara nyingi panya hufa kabla ya watu, na mwenye kutoa habari mapema ameokoa mtaa wake. Wafanyakazi wa afya watatia dawa ya kuua viroboto ndani ya matundu na nyumbani, ndipo mambo mengine yafuate.

Kama ni panya mmoja tu, nawe huna msaada, fanya hivi. Vaa viatu vilivyofunga na suruali ndefu, na glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mpulizie panya huyo dawa ya wadudu ya nyumbani, wewe ukiwa umesimama mbali kidogo, nao sungura wakiwa wameondolewa. Ngoja. Kisha mwinue kwa jembe lenye mpini mrefu, umzike katika shimo la nusu mita, au umchome moto. Nawa mikono na miguu kwa sabuni, ubadili nguo.

Usimpake sungura mwenyewe dawa yoyote ya wadudu bila kumwuliza munganga wa wanyama. Ziko dawa zinazomfaa mbwa, lakini zinaweza kumwua sungura. Dawa ya shambani isitumiwe kabisa, wala kwa sungura wala kwa mtu.

Na kama sungura mwenyewe amekufa ghafula katika siku zile panya wanapokufa, usimchune, usimle, hata kama nyama yaonekana nzuri. Vijidudu vya tauni huingia kwa mkato mdogo wa kidole wakati wa kuchuna. Mzike kama ulivyomzika panya. Najua ni vigumu kufukia nyama wakati nyumbani hakuna mboga ila sombe. Lakini nyama ya siku moja haifai kununuliwa kwa uhai wa mtoto.

6. TATU, PANYA

Sasa, chakula kimefungwa, kibanda kimesimama vizuri, na hakuna panya wanaokufa wenyewe. Ndipo waweza kutega.

Kabla ya kutega, weka unga wa kuua viroboto penye matundu na njia za panya, mbali na sungura na watoto. Uliza kituo cha afya au munganga wa wanyama ni unga gani unaofaa. Kisha tega mitego kadhaa kwa usiku mmoja, kando ya ukuta, maana panya hupenda kutembea huku ubavu wake ukigusa kitu. Mtego uwe ndani ya sanduku lenye tundu dogo, ili kuku, sungura na vidole vya mtoto visifike. Chambo kiwe karanga iliyopondwa au kipande cha samaki mkavu.

Angalia mitego alfajiri. Ukikuta panya, usimshike kwa mkono. Inua mtego wote kwa koleo au fimbo, uuzamishe katika ndoo ya maji ya sabuni, ili viroboto waliobaki wafe majini. Kisha mzike panya.

Na sumu je? Sumu nyingi zinazouzwa kwa vifurushi sokoni hazina jina wala maandishi. Hujui ni nini. Mtoto huiona kama peremende au unga, kuku huidonoa, paka hula panya aliyekunywa sumu naye akafa. Panya naye hufa ndani ya ukuta au chini ya kibanda, mahali usipoweza kumwona, na viroboto wake hutoka. Kwa hiyo sumu isiwekwe karibu na kibanda cha sungura. Mtu akiimeza, mlete hospitali mara moja pamoja na karatasi ya sumu ile. Usimpe maziwa wala mafuta, usimlazimishe kutapika.

Paka ni msaidizi mwema. Lakini paka naye huweza kuugua tauni kwa kula panya, na akikohoa karibu nawe aweza kukuambukiza. Paka mwenye homa na uvimbe shingoni asibebwe wala asilale na watoto.

7. MGONJWA AKIPATIKANA

Mtu aliyeumwa na kiroboto mwenye tauni huanza kuugua baada ya siku 1 hadi 7. Dalili ni hizi: homa kali ya ghafula, baridi ya kutetemeka, kichwa kuuma, mwili kukosa nguvu. Kisha hutokea uvimbe wenye maumivu makali, mara nyingi kinenani, au kwapani, au shingoni. Mtoto hukataa kutembea kwa sababu ya uvimbe wa kinena, na mzazi hudhani ameanguka.

Homa nyingi hapa kwetu ni malaria, na wazazi wengi huanza na dawa ya malaria nyumbani. Lakini homa pamoja na uvimbe wenye maumivu si jambo la kungoja. Mlete mgonjwa siku ile ile. Na umwambie munganga habari za panya, hata kama hakuulizi: “Tuna sungura, na tumeona panya waliokufa.” Neno hilo moja laweza kumfungulia munganga njia.

Tauni hupona. Streptomisini, jentamisini, doksisiklini na dawa nyingine za namna hiyo huua kijidudu chake, zikianza mapema. Bila dawa, katika wagonjwa kumi wenye uvimbe, watatu hadi sita huweza kufa. Ugonjwa ukiingia mapafuni, mtu hukohoa, hata kutoa makohozi yenye damu, na hapo huambukiza wengine kwa pumzi, bila kiroboto. Tauni ya mapafu isipotibiwa huua karibu kila mtu, tena upesi. Dawa yake yapaswa kuanza ndani ya siku ya kwanza ya ugonjwa. Mwenye kumwuguza afunike pua na mdomo, na wote waliokaa karibu naye waende kupewa dawa ya kuwakinga, ambayo hunywewa kwa siku 7. Akifa, jamaa wasimwoshe wala kumkumbatia. Waite watu wa afya wamzike pamoja nao, kwa heshima na kwa usalama.

Wako wanaochelewa kwa sababu wanamtafuta mtu aliyewaroga. Wameuza mbuzi, wamemchukia shangazi, na mtoto amekufa siku ya nne. Ndugu yangu, kijidudu cha tauni hakitumwi na jirani. Huja na kiroboto, na kiroboto huja na panya, na panya huja na pumba ulizoacha usiku. Mlolongo huo waweza kukatwa, na mahali rahisi pa kuukata ni mwanzo wake.

Basi leo jioni, kabla ya giza, nenda pamoja na mtoto wako nyuma ya nyumba. Toeni bakuli. Fagieni chini. Angalieni miguu ya kibanda, tafuteni matundu. Mwache yeye mwenyewe apige bati kwenye mguu wa kwanza. Mwenye kuwapenda sungura wake atalinda kibanda chao vizuri, na kwa kufanya hivyo atailinda nyumba yote.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Panya hutafuta vitu gani viwili penye kibanda cha sungura?
2. Kwa nini ni hatari kuua panya wengi kabla ya kuua viroboto?
3. Chakula gani chaweza kubaki katika kibanda usiku, na kipi chapaswa kutolewa?
4. Utafanya nini ukikuta panya watatu wamekufa uani, nawe hukuweka sumu?
5. Sungura amekufa ghafula katika siku zile zile. Je, aliwe?
6. Mtoto ana homa na uvimbe wa kinena. Utamleta lini, na utamwambia munganga habari gani?

Msomee mtu mmoja somo hili, hasa asiyejua kusoma. Kisha mwombe akujibu maswali haya kwa maneno yake mwenyewe.